Ngeli ya Ua

Mwaka ule santuri ilipotoka
nilikuwa mwalimu mpya, Tononoka,
chaki mkononi, kalamu nyekundu mkobani,
na masikio yangu hayakujua kusamehe.
Kila dirisha la Majengo lilikuwa na Bwanaidi Mwagandi:

*Nipe tena ua wangu, ua nilouzoea,
niloufagia jana, leo umenipotea.*

Wangu!
Nikawaambia darasa la sita: ua ni langu,
limechanua, limenyauka, limechumwa.
Msimfuate mwimbaji, yeye atafuta mizani tu.
(Wangu na langu, mizani ni ile ile.
Sikujiuliza.)

Kinyozi wa Mwembe Tayari alikuwa na hakika:
ua ni binti aliyeozwa Lamu kwa nguvu.
Mpiga pasi wa jirani akasema la,
ni fundi cherehani wa Kingorani, jina alijua,
hakulitaja kwa kumuogopa mumewe.
Redioni mtu akasema ua ni taifa.
Sote tuliafikiana kwamba mtu analia kwa mapenzi
na kwamba hakusoma sana.

Kisha bendi moja ya hoteli ikaurekodi upya,
tarumbeta mbili, kinanda, suti nyeupe,
ikausafisha:

*Nipe tena ua langu, ua nilolizoea,
nilolibusu majuzi, leo limenipotea.*

Nilifurahi kama niliyejibiwa barua.

Miaka ikapita. Shangazi Mwanamkasi
alikuwa akipepeta mchele, mimi naimba jikoni.
Langu, naimba. Nilolibusu.
Ungo ukasimama.
"Ndoo hapa, wewe uliyesoma.
Asumini huchumwa, hutungwa kikuba, huvaliwa.
Niambie, ua gani hufagiwa?"

Sikuwa na jibu.

"Walikaa nyuma ya msikiti mdogo.
Nyumba yao, ardhi ya mtu.
Karani alikuja kila mwezi na buku lake,
wakalipa kodi ya kiwanja, wakapewa risiti.
Siku hiyo akaja na kamba na vigingi vinne.
Nyumba, akasema, ni yenu. Huku nyuma si nyumba.
Huku nyuma! Kulikuwa na jiko, mbuzi ya nazi,
kamba ya nguo, banda la kuku wa mamake,
na sisi wanawake, kila alasiri, tukisukana.
Kufika Ijumaa kuna ukuta wa matofali,
na ng'ambo ya ukuta, magunia ya vitunguu.

Mamake hakumaliza miezi miwili.
Walimuoshea ua wa jirani.
Maiti, kwa kuazima, kama mtu aazimavyo ungo.
Arobaini ilipopita Bwanaidi akaimba,
na gitaa nalo lilikuwa la kuazima.
Sauti yake tamu, mkadhani mapenzi."

Akarudi kwenye mchele wake.
"Na yalikuwa nini, kama si mapenzi," akasema,
lakini hakuniambia mimi.

Usiku ule nilifungua kamusi niliyoijua kwa moyo.
Ua, maua. Ua, nyua.
Na la tatu, kitenzi, lisilo na ngeli,
ambalo kwa mtu mmoja ni amri.
Nilikuwa nimelisahihisha neno pekee
ambalo yule mtu hakukosea.

Juzi nilialikwa arusi, ukumbini, orofa ya pili.
Siku hizi zote ni ukumbini:
waulize wenye arusi kwa nini,
watakwambia maegesho, watakwambia feni.
Juu ya meza maua tele, ya plastiki,
mengine na bei bado kwenye shina.
Ikapigwa ile ya tarumbeta mbili,
bibi arusi akalia kidogo, kwa adabu, asiharibu wanja.

Nikaimba nami. Wangu, niliimba, niloufagia,
nikiona jivu, maganda ya nazi, kuku mmoja mkaidi.

Kijana aliyekaa kando yangu akaniinamia,
mpole, tai yake imemkaba:
"Samahani, bibi. Ni langu."